Chapchap na Prosesa ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapchap alifagia chumba cha mbele, akanyunyiza maji mlangoni ili vumbi litulie, kisha akachungulia kompyuta ya mama kuona bata amefika wapi. Yote hayo aliyafanya mbio. Jina lake hakupewa bure. Alikula mbio, alivaa viatu huku anatembea, na hesabu zake alizimaliza kabla ya darasa zima, nyingi zikiwa na makosa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakujua kusubiri hata chai ipoe.

"Mama, bata yuko wapi leo?"

"Bado yuko kwenye nyasi," mama alijibu, macho yamemwiva kwa uchovu. "Amegeuza shingo tu. Mwache, atafika."

Bata huyo alikuwa wa katuni. Kwa miaka mingi mama alikuwa akichora mabango ya maduka kwa brashi, mpaka tajiri wake aliponunua mashine ya kuchapa mabango na kumwambia asihangaike kuja tena. Tangu siku hiyo aliishi kwa vibarua vya hapa na pale. Kisha kituo cha televisheni kikatangaza kwamba kinatafuta mchoraji mmoja wa katuni, na kila mwombaji alete filamu fupi iliyokamilika kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Mama akatunga hadithi ya bata anayeogopa maji. Alichora kwa miezi, mchana akitafuta riziki, jioni akimshughulikia bata. Alisema waziwazi kwamba nafasi hii ikimponyoka hataomba tena kazi ya kuchora katuni, na Chapchap aliamini, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutishia.

Michoro yote ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kile ambacho mama alikiita kupika. Kompyuta ilichukua kila mchoro, ikaupaka rangi, mwanga na kivuli, ikatoa picha moja, halafu nyingine, mpaka zikawa filamu. Kazi hiyo yote iliifanya prosesa, kile kibamba kidogo ndani ya kompyuta kinachokokotoa kila kitu. Prosesa ya mama ilikuwa ya zamani. Kwenye nyasi ilitambaa, na kwenye maji, ambako kila wimbi lina mwanga wake, mama alijua ingetambaa zaidi.

Tena kulikuwa na vumbi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya kukata vigae, na kutwa nzima msumeno wake ulirusha unga mweupe uliopenya hata madirisha yakifungwa. Kwa hiyo mama aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, hata ikiwa inafanya kazi, akiacha wazi mgongo wake tu. Mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta, alikuwa amemgombeza kwa hilo hadi akachoka.

"Dada, hii mashine inatoa joto. Unaifunika kama mtoto mwenye homa!"

"Na vumbi je? Vumbi litaila."

"Haya, ni yako," mjomba alisema, na mambo yakaishia hapo. Kompyuta yenyewe haikulalamika. Iliendelea na mwendo wake wa pole mwaka hadi mwaka.

Siku moja mama alimchukua Chapchap wakaenda kwenye duka la kompyuta. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kizazi kipya cha prosesa kimetoka, chenye nguvu kuliko vyote vilivyotangulia, na mama alitaka kujua kama kuna njia yoyote ya kukipata, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Mwenye duka alikuwa mtu mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Wiki Ijayo, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja.

"Zilikuja chache, mama yangu. Hazikulala hapa. Zimeisha zikiwa bado kwenye boksi," alisema akicheka. "Wiki ijayo."

"Na za zamani, kama hii yangu, unazo za akiba?"

"Za zamani? Nani analeta za zamani wakati mpya zinakuja? Kiwanda chenyewe kimeziacha."

"Kwa hiyo mpya hazipo na za zamani hazipo."

"Ndiyo hivyo. Lakini wiki ijayo," alisema Wiki Ijayo, na safari hii hakucheka sana.

Walirudi nyumbani mikono mitupu. Njiani mama alijipa moyo, akapiga hesabu kwa sauti: kwa mwendo huu wa kobe, umeme usipokatika, bata angemaliza kuogelea Alhamisi jioni. Muda ungetosha, ila kwa kubanana. Chapchap alisikia hilo neno la mwisho tu.

Shuleni, katika chumba cha kompyuta, wavulana na wasichana walikuwa wakizungumzia prosesa mpya kama watu wanaozungumzia timu ya mpira. Aliyesikilizwa zaidi ni kijana waliyemwita Bingwa, kwa kuwa kila jambo alilijua, au alisema analijua.

"Mnajua kwa nini zimeisha madukani?" Bingwa aliuliza. "Kwa sababu zinasukumika. Kiwanda kinakupa kasi fulani, wewe unaiongeza. Unaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka, unapandisha kasi, unaiongezea umeme kidogo, basi. Inapaa."

"Ni mpya tu zinazosukumika?" Chapchap aliuliza.

"Hata baadhi ya zile za zamani. Kaka yangu ameisukuma ya kwake. Anacheza gemu nusu saa nzima, haikohoi."

Nusu saa! Chapchap hakujiuliza kompyuta inayopika picha usiku na mchana ina uhusiano gani na gemu la nusu saa. Hakuuliza pia kaka yake Bingwa ana feni gani, wala kama huwa anaifunika mashine yake kwa kitambaa. Alimwomba Bingwa amweleze hatua kwa hatua, akazishika zote kichwani, kwa maana alipotaka kitu kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu.

Jumanne alasiri mama aliitwa kupaka rangi upya kibao cha duka la dawa. Alijifunga kanga ya kazi, akachukua brashi zake, akamgeukia Chapchap mlangoni.

"Usiiguse kompyuta. Ikinyamaza, nipigie simu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama hakuwa amefika hata kwenye kona Chapchap akawa amekwisha kukaa kitini. Aliisimamisha kazi, akaizima kompyuta, akaiwasha tena na kuingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio. Akapandisha kasi. Akaongeza umeme kama Bingwa alivyosema, halafu akaongeza tena kidogo, kwa sababu yeye ni Chapchap. Kompyuta ikaamka. Akaianzisha tena kazi ya kupika, na picha zikaanza kutoka moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Feni ililia kwa nguvu. Chapchap alicheza peke yake katikati ya chumba.

Mama aliporudi alisimama mbele ya skrini bila hata kuvua viatu.

"Hee! Leo imekula nini hii? Bata amefika ukingoni!"

Hapo ndipo Chapchap alipopaswa kusema. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini mama alikuwa anacheka, na ilikuwa zamani sana tangu acheke hivyo. Alimkumbatia Chapchap kwa mikono yenye rangi ya kijani, akasema, "Mwanangu, nadhani tutaipata kazi hii. Kweli nadhani tutaipata." Chapchap akaona aibu kuiharibu furaha ile, akanyamaza. Mama akakung'uta vumbi la vigae, akaifunika kompyuta kama kawaida yake, akaenda kupika chakula.

Jumatano asubuhi kompyuta ilikuwa kimya. Chumba kilinuka joto, harufu ya plastiki iliyokaa juani. Mama alibonyeza kitufe cha kuwasha, feni ikazunguka kidogo, ikasimama, skrini ikabaki nyeusi. Alibonyeza tena na tena. Halafu alikivuta kile kitambaa, akaushika ubavu wa kompyuta kwa kiganja na kuutoa haraka.

"Inachoma," alisema. Akakiangalia kitambaa mkononi mwake. "Mungu wangu. Ni mimi. Kaka aliniambia. Aliniambia mpaka akachoka, nami nikafanya ukaidi. Nimeiua mwenyewe."

Chapchap alikuwa mlangoni na begi mgongoni. Alijua. Alijua kabisa. Akajiambia pengine ni kitambaa kweli. Akajiambia atasema jioni.

"Nenda shule, mama yangu," mama alisema bila kumtazama. "Utachelewa."

Akaenda.

Siku ile mama alizunguka mji mzima kwa miguu. Alidhani joto limeunguza pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Akaitafuta, akaipata ya mtumba, akamwomba kijana wa dukani aje kuifunga, na skrini ikabaki nyeusi vilevile. Alirudi kwa Wiki Ijayo kuulizia prosesa yoyote, mpya au ya zamani, hata iliyotumika, na Wiki Ijayo akatikisa kichwa bila kusema neno lake la kila siku. Aliomba kwenye duka la intaneti wamruhusu apikie picha pale. Wakamwambia mashine zao ni za kuandikia barua tu, zingekufa. Alimpigia simu mjomba, ambaye alikuwa kazini mji wa jirani, akasema hawezi kutoka kabla ya Alhamisi.

"Imekufaje?" mjomba aliuliza kwenye simu.

"Kitambaa," mama alisema. "Nigombeze tu."

Chapchap alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye simu ile, anakula. Chakula kilikuwa hakina ladha. Alitazama sahani yake mpaka mazungumzo yakaisha.

Mjomba alifika Alhamisi jua likielekea kuzama, shati limelowa jasho la safari. Hakupoteza muda. Aliilaza kompyuta mezani, akafungua ubavu, akapima hapa na pale kwa kifaa chake.

"Umeme unaingia vizuri. Bodi hii iliyobeba vyote haionekani kuungua," alisema. "Itakuwa prosesa. Dada, nilikwambia kuhusu hiki kitambaa."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Basi, kaka. Najua." Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amelegea. Hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Usihangaike. Kesho nitawapigia simu televisheni niwaambie sina kitu. Kuna mtu anataka kibao cha saluni. Hiyo ndiyo kazi yangu, sikuumbiwa haya mengine. Mtu mwenye akili gani anafunika mashine inayowaka?"

Mjomba hakupenda kumsikia dada yake akisema hivyo. Alitoa kiboksi kidogo mkobani.

"Ngoja kwanza. Nimekuja na prosesa yangu, nimeichomoa kwenye mashine yangu ya kazini. Ni ya aina hii hii. Tutaiweka hapa, upike utakachoweza mpaka kesho."

"Na wewe utafanya kazi na nini?"

"Nitajua. Sina nyingine, na madukani hakuna, kwa hiyo tuishike kama yai."

Aliitoa ile ya mama, akaipangusa ya kwake, akaiweka kwa uangalifu mkubwa, akafunga feni juu yake. Chapchap alisimama kando, anatazama kidole cha mjomba kikienda kwenye kitufe cha kuwasha. Alikumbuka jinsi alivyoongeza umeme, halafu akaongeza tena. Bingwa alikuwa amemweleza kwamba mipangilio ile haikai ndani ya prosesa. Ilikuwa kwenye bodi, na bodi ilikuwa bado inaikumbuka.

"Mjomba, usiwashe!"

Mjomba akaruka. "Nini?"

"Usiwashe. Utaiua na yako." Chapchap alimshika mjomba mkono. "Si kitambaa. Ni mimi. Jumanne niliongeza kasi. Na umeme. Niliongeza umeme mara mbili."

Msumeno wa karakana ulikuwa umezimwa kwa siku ile, kwa hiyo hapakuwa na kelele yoyote ya kujifichia. Mama aligeuza kichwa polepole.

"Unasema nini?"

"Nilitaka bata awahi."

Mjomba alirudisha kidole chake, akainama, akachomoa waya wa umeme. Kisha akachomoa kibetri cha mviringo kilichokuwa kwenye bodi, akakiweka mezani na kusubiri. Aliitoa prosesa yake, akairudisha kwenye kiboksi.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Kibetri hiki ndicho kinachoifanya bodi ikumbuke mipangilio. Ukikitoa, inasahau, inarudi kwenye kasi ya kiwandani. Hebu turudishe ile yenu kwanza. Huenda haikufa."

Akaiweka prosesa ya mama, akarudisha kibetri, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Haikusimama. Skrini ikawaka, na bata akaonekana amesimama ukingoni mwa maji, mguu mmoja hewani, pale pale kazi ilipokatikia usiku wa kuamkia Jumatano.

Chapchap alipiga makofi mara moja tu, kisha akauona uso wa mama na mikono ikashuka.

"Haikufa," mama alisema.

"Haikufa," mjomba alisema. "Iligoma tu. Chapchap alipoisukuma kupita kiasi, na joto la usiku ule chini ya kitambaa, ikashindwa kuamka kwa kasi ile. Zile mpya zina feni kubwa na bodi zilizotengenezwa kuhimili vishindo hivyo. Hii ni mzee. Ingeweza kuungua kweli, tumebahatika."

"Na kama ningejua jana asubuhi, ingekuwaje?"

Mjomba akakwepa macho yake. "Ningekuelekeza kwa simu. Si kazi ya hata nusu saa."

Mama alinyanyuka akaianzisha kazi. Hakugomba. Alikaa mbele ya skrini, na picha ya kwanza ya maji ikaanza kutoka, kidogo, kidogo, kwa mwendo wa siku zote. Yeyote aliyejua kuhesabu angeona kwamba haitawahi.

Haikuwahi. Ijumaa asubuhi maji mengi yalikuwa bado ni mistari ya penseli tu. Mama aliyaunganisha hivyo hivyo, akavaa gauni lake la heshima, akamwambia Chapchap, "Leo hutakwenda shule. Utafuatana nami." Walifika kituo cha televisheni kabla ya saa sita. Mwanamke aliyekuwa akipokea kazi aliitazama filamu yote kwa makini. Bata alipopitia nyasi, alitabasamu. Bata alipofika ukingoni, alisogeza kiti karibu. Kisha rangi zikatoweka, ikabaki michoro mitupu, na akakaa wima tena.

"Dada yangu, mkono wako ni mzuri sana," alisema. "Lakini tuliomba filamu iliyokamilika. Wapo walioleta kamili. Nikiipitisha hii nitakuwa nimewadhulumu."

"Ningeomba siku mbili."

"Najua. Samahani sana."

"Kutakuwa na nafasi nyingine?"

"Kwa sasa, hapana."

Mama alimshukuru. Walitoka nje kwenye jua kali, wakapita lango, wakaifuata barabara. Chapchap alilia akitembea, akijifuta kwa mkono wa nguo yake. Alingoja kugombezwa. Alitamani kugombezwa. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mama, nipige tu."

"Nikupige ili iweje?" Mama alisimama kando ya ukuta penye kivuli chembamba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, hauna hata hasira ya kutosha. "Kosa la kompyuta nimekusamehe. Ulitaka kunisaidia, ukaenda pupa kama ulivyo. Jumanne hiyo hata mimi nilifurahi. Hilo silo linaloniuma."

"Ni nini basi?"

"Siku mbili, mwanangu. Siku mbili nilijiita mjinga. Nilitembea mji mzima nikijiambia nimeiua kazi yangu kwa mikono yangu. Nilimwambia kaka yangu anigombeze. Na wewe ulikuwa umekaa pale, unanisikia, unakula."

Chapchap aliinama akatazama vumbi la barabara.

"Kosa lako ningelibeba," mama alisema. "Lingekuwa dogo, la nusu saa, mjomba wako amesema. Uliponyamaza ndipo lilipokua. Kila saa uliyonyamaza lilikula saa yangu moja, mpaka sikubakiwa na saa hata moja. Jana ulisema, na prosesa ya mjomba imepona kwa sababu ulisema. Hilo nimeliona, nami nakushukuru kwa hilo. Lakini nafasi yangu mimi ilikuwa imekwisha pita."

Alitoa simu yake kwenye mkoba, akatafuta namba ya mwenye saluni, akampigia. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa: ndiyo, kibao bado anaweza, kesho asubuhi, rangi atakuja nazo. Alipomaliza aliirudisha simu mkobani, akamfuta Chapchap machozi kwa ncha ya mtandio wake, bila upole na bila ukali.

"Utakosea tena," alisema. "Kila mtu anakosea. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo uniambie nikiwa bado nina muda."

"Nitakuja, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, akatangulia. Chapchap akamfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na haraka ya kufika.